Hatua Arobaini Nyuma ya Baba Mkwe

Daktari mmoja kijana pale Tukuyu alinipima presha, akaitazama kadi yangu, akaniuliza kama huwa nafanya mazoezi. Nikamwambia natembea. Akauliza mara ngapi kwa wiki, nikamwambia kila asubuhi, mpaka darajani na kurudi, na mvua ikinyesha nachukua mwavuli. Alinitazama kama mtu aliyeombwa kuamini kwamba bibi huyu huruka kamba. Kisha akanieleza faida zake moja baada ya nyingine: moyo, mishipa ya damu, sukari, usingizi, magoti. Nilimsikiliza kwa adabu. Angeniuliza nani alinifundisha, ningeshindwa kumjibu kwa kifupi, kwa sababu mwalimu wangu nilitembea naye karibu miaka saba na muda wote huo sikuwahi kumwona uso.

Tena nilijifunza kwa woga. Mimi ni mwoga, sina haja ya kuficha. Nilikulia Mbeya mjini, kwenye nyumba ya kupanga ambamo familia nne zilitumia bafu moja, na hata huko niliogopa mbwa, radi na mwalimu wa hesabu. Nilipopata mchumba wa Masoko, kijiji cha huku Tukuyu, shangazi yangu alinikalisha kitako wiki moja kabla ya harusi akanieleza jinsi mkamwana anavyoishi na baba mkwe kwa Wanyakyusa wa zamani. Humtazami usoni. Hutamki jina lake. Huingii nyumba anamolala. Mkikutana njiani unaingia migombani, unampa mgongo, unajifunika kanga mpaka apite. Na yeye ana wajibu wake: akikaribia mahali ulipo anakohoa, ili upate nafasi ya kujificha. Shangazi alisema kwa lugha ya nyumbani jambo hilo huitwa kwa neno lilelile la kuogopa. Nikadhani ananitania, mambo hayo yaliondoka na Mjerumani.

Kwa majirani wengi yalikuwa yameondoka kweli. Kulikuwa na nyumba, tena si mbali na kwetu, ambako mkamwana alimpelekea baba mkwe chai na kukaa naye kumsomea barua. Mama mkwe wangu mwenyewe alikuwa mtu wa kanisani, anaimba kwaya, na mchungaji alishasema waumini wasifungwe na mila za namna hiyo. Lakini mzee alikuwa mzee. Hakugombana na mchungaji wala na mtu yeyote. Alikohoa tu kila alipopita karibu na jiko langu, na mimi nikajua la kufanya.

Mwaka wa kwanza nilikosea. Ilikuwa kwenye kona ya kijito, asubuhi ya upepo, mimi nina ndoo kichwani. Nilitokeza upande huu, yeye akatokeza upande ule, na kama alikohoa basi upepo ulichukua. Sikumwona uso. Niliona vifungo vya koti, viwili vyeusi na kimoja cha kahawia. Lakini nilichelewa kugeuka, na maji yakanimwagikia mabegani. Mwezi ule ule mimba yangu ikatoka. Mwaka uliofuata ikatoka nyingine, na safari hiyo sikuwa nimekutana na mtu yeyote kwenye kona yoyote. Hiyo ya pili haikumshughulisha mtu. Watu walikumbuka ile ya kwanza na kona ya kijito, na wanawake wawili watatu walinishauri kwa upole niwe ninatumia njia ya juu.

Mume wangu aliposikia alisema hayo ni mambo ya kizamani. Alisema kwa sauti ya chini, huku akitazama mlangoni.

Nimeeleza haya yote ili nieleweke nilikuwa mtu wa namna gani mzee alipougua. Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu yalijaa sabuni na dawa ya meno, mitumba ikamwagwa chini sokoni kila siku ya gulio, na kila mwanamume mwenye miguu akagundua kwamba yeye ni mfanyabiashara. Mume wangu alikuwa mpakani Kasumulu, anavusha sukari na mashuka, anarudi mara moja kwa mwezi akiwa na raba nyeupe za mtumba na hadithi. Shemeji zangu wawili walikuwa Dar es Salaam. Mawifi walikuwa wameolewa. Nyumbani tulibaki watatu: mzee, mama mkwe mwenye magoti mabovu, na mimi kwenye kijumba changu upande wa pili wa migomba.

Mzee alianguka kwenye shamba lake la kahawa, asubuhi, mkono ungali na mundu. Walimpeleka hospitali, wakaambiwa ni kiharusi. Aliporudi, mguu na mkono wa kulia vilikuwa vimelegea, na maneno yalimtoka kwa shida, moja moja, kama mtu anayetoa miiba. Sauti ya kupaza hakuwa nayo tena. Mama mkwe alinisimulia maagizo ya daktari tukiwa tunamenya ndizi. Mzee atembee kila siku. Si siku anapojisikia, kila siku. Akikaa ataganda, akiganda damu itaganda pia, na pigo la pili halitamwacha. Atembee mpaka darajani na kurudi. Na asitembee peke yake, maana akianguka hawezi kuita.

Wiki ya kwanza jirani mmoja alimsindikiza. Wiki ya pili palizi ya kahawa ikafika, jirani akawa na mashamba yake ya kuangalia. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo mtu wa mjini hawezi kulijua. Kwetu pale, mtu mzima haendi njiani bila shughuli. Ukienda una jembe, una mkungu, una barua, unaenda msibani. Mtu anayekwenda mpaka darajani mikono mitupu, anageuka, anarudi mikono mitupu, na kesho tena hivyo hivyo, ataulizwa anatafuta nini kwenye mashamba ya watu. Mzee aliliona hilo kabla ya sisi. Akaanza kujizungushia kamba ya ng'ombe kiunoni kila asubuhi, ncha yake ikining'inia, ili aonekane amefuata ng'ombe. Alikuwa na ng'ombe mmoja, na kijiji kizima kilimjua, na kila mtu alimwona amefungwa nyuma ya nyumba anacheua. Walimsalimu mzee, wakamuuliza kama ng'ombe hajambo, naye alijibu hajambo.

Kwa hiyo alitembea peke yake, fimbo mkono wa kushoto, na mama mkwe alisimama mlangoni mpaka arudi. Hakuniomba kitu. Angeniombaje? Lakini asubuhi moja aliniambia majani ya ng'ombe ya karibu na nyumba yamekuwa machache, afadhali niwe ninakata yale ya upande wa darajani. Nikamtazama. Yeye akatazama magoti yake. Nikachukua mundu na kikapu.

Wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi mitatu. Mama mkwe alikuwa anajua, ingawa sikuwa nimemwambia.

Nilitembea hatua arobaini nyuma yake. Nilizihesabu siku ya kwanza, kwa sababu nilitaka niwe mbali kiasi cha kuweza kujificha akigeuka, na karibu kiasi cha kusikia akianguka. Sikutembea njiani, nilitembea pembeni, ndani ya migomba, nikipita kwenye majani yanayodondosha umande shingoni. Macho yangu niliyaweka chini. Kitu cha juu kabisa nilichojiruhusu kuona ni ncha ya ile kamba ikipigapiga nyuma ya magoti yake. Niliogopa vitu viwili kwa wakati mmoja, na vilivutana. Niliogopa ataanguka nisimuwahi. Na niliogopa atageuka anione, au nimwone, na kilichotokea baada ya kona ya kijito kitokee tena. Kila asubuhi niliweka mkono tumboni kabla ya kutoka, na kila asubuhi nilijiambia leo ni mwisho, kesho nitasema ninaumwa.

Kwa kuwa sikuweza kumtazama, nilisoma nyayo zake. Ardhi yetu haikauki, mvua ikikosa kunyesha ni ukungu, na tope lile jekundu huandika kila kitu. Mzee alitembea peku. Raba alizoletewa na mwanawe alisema zinateleza, akaziweka juu ya kabati. Wiki zile za kwanza mguu wa kushoto uliacha unyayo mzima, na wa kulia uliacha mfereji, mstari mrefu kama mtu ameburuta mchi. Nilifuata mfereji ule kila siku moyo ukiwa juu juu. Palipokuwa na jiwe mfereji ulikatika, na nilijua hapo karibu aanguke. Kisha siku moja, kwenye tope la karibu na mparachichi mkubwa, niliona alama za vidole. Vitano, dhaifu, bila kisigino. Nilisimama pale nikaziangalia mpaka nikasahau kumfuata, ikabidi nikimbie. Baada ya mwezi mwingine kisigino nacho kikatokea. Kilikuwa kimepinda nje kidogo, lakini ni kisigino.

Na mimi mwenyewe nilikuwa nabadilika bila kuelewa. Mwanzoni nilirudi nyumbani natweta, nalala mchana kutwa, najilaumu. Halafu pumzi ikanyooka. Nilianza kula kama wachuma chai, ndizi na maziwa na maharage yaliyobaki. Usiku nililala bila kuota ile ndoo ikimwagika. Kliniki, nesi alinipima akasema damu yangu ni nzuri, presha nzuri, miguu haijavimba, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nakata majani ya ng'ombe. Akasema nisiache. Nilitamani kumwambia kwamba ninayaogopa majani hayo kuliko uchungu wa kuzaa, lakini foleni ilikuwa ndefu.

Nilipofika miezi mitano masika yalikuwa yamekolea. Asubuhi ile ukungu ulishuka mpaka chini, migomba ilionekana mitatu tu mbele, mingine ni vivuli. Nilimwambia mama mkwe labda mzee apumzike leo. Akasema ameshafunga kamba. Nikatoka.

Nilimfuata kwa masikio. Fimbo, mguu, mguu. Fimbo, mguu, mguu. Tulipita mparachichi, tukashuka kuelekea darajani, mahali ambapo njia imebanwa na mtaro wenye kina unaopokea maji ya mlimani. Hapo fimbo ikanyamaza. Nilisogea kidogo nikaona, kwa mbali kwenye ukungu, mabega na nyuma ya kofia, chini, karibu na ardhi. Nikajua amekaa ukingoni kupumzika, kama alivyowahi kufanya mara mbili tatu. Mkwe akikaa, humkodolei macho. Nikageuka, nikampa mgongo, nikasimama nikitazama mbuni wa kahawa wenye matunda mabichi.

Akakohoa.

Nikashtuka, maana kikohozi maana yake anainuka, anageuka, anakuja upande wangu. Nikaingia ndani zaidi kwenye shamba, nikachuchumaa nyuma ya kahawa, nikavuta kanga mpaka machoni. Nikasubiri apite. Hakupita. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi, nami nikasogea mbali zaidi, nikashika tumbo kwa mikono miwili, nikasali sala ninazozijua na nyingine nilizozitunga hapo hapo. Niliona ni adabu. Niliona ananionya kwa mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza nimechelewa, kama kule kijitoni, na safari hii sitachelewa. Sijui nilikaa pale muda gani. Mvua ilianza, ikawa kubwa, nikasikia maji ya mtaroni yanavyoongezeka.

Kikohozi cha tatu kilikuwa kidogo. Ndipo akili ikanirudia. Kikohozi cha mtu anayekuja husogea. Hiki kilikuwa mahali palepale, na safari hii kilitoka chini zaidi.

Hakuwa amekaa ukingoni. Alikuwa ndani ya mtaro, amezama mpaka kifuani, mguu wa kulia umejikunja chini yake, na kitu pekee alichoweza kufanya ili kuniita ndicho kilekile kilichokuwa kikinifukuza.

Sina ujasiri wa kujisifia. Miguu ilikataa. Nilisimama kati ya ile mibuni nikaona mambo mawili waziwazi: nikienda mtoto huyu ataondoka kama wale wawili, nisipoenda baba wa mume wangu atakufa maji hatua arobaini kutoka niliposimama, huku nimejifunika kanga kwa heshima. Nililia kwa hasira. Niliwakasirikia wanaume wote walioko mpakani na Dar es Salaam, kila mmoja kwa jina. Halafu nikajifunika kichwa, nikageuka, nikaanza kwenda kwake kinyumenyume.

Mtu aliyewahi kutembea kinyumenyume kwenye tope la masika, ana mimba ya miezi mitano, atanielewa. Nilipapasa kwa visigino. Nilisikia maji, nikasikia pumzi zake, zilikuwa fupi. Nilipokaribia alisema kitu, na ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kusemeshwa naye.

"Mwanangu," alisema, kwa Kinyakyusa, neno likimtoka kwa vipande. "Simama. Usigeuke."

Nikasimama. Kitu kilinipiga mgongoni, kizito, kimelowa. Ilikuwa ncha ya kamba ya ng'ombe. Alikuwa ameilegeza mizunguko ya kiunoni akairusha kwa mkono wa kushoto, ikanikosa mara ya kwanza, mara ya pili ikanifikia.

"Vuta."

Nilivuta. Niliizungusha kamba kwenye shina la mti mdogo wa uzio ili isiniponyoke, nikajibana na mti ule, nikavuta nikiwa nimempa mgongo, na kila nilipovuta nilihisi tumbo linakaza, na nilijua kabisa kwamba ninamuua mmoja ili kumtoa mwingine. Lakini miguu ilishika. Nasema hivi kwa sababu nimelifikiria sana baadaye. Miezi miwili nyuma nisingeweza kumvuta mbuzi. Na yeye, wiki zile za mfereji, asingeweza kukanyaga ukuta wa mtaro kwa mguu wa kulia. Nilimsikia akikanyaga, akateleza, akakanyaga tena. Kamba ikalegea ghafla, nikaanguka kwa magoti, na nyuma yangu nikasikia mtu mzito anajitupa kwenye majani.

Tulikaa hivyo, kila mmoja ametazama kwake, mvua inatunyeshea wote bila kubagua. Fimbo ilikuwa imechukuliwa na maji. Kwa hiyo nilisimama mbele, nimeshika ncha ya kamba begani, yeye nyuma kamba i kiunoni, tukarudi nyumbani. Sikugeuka hata mara moja. Alipochoka kamba ilikaza, nami nikasimama. Alipoweza kuendelea alilegeza. Tulipita nyumba tatu. Kwenye moja kulikuwa na mwanamke barazani anachambua maharage. Aliniona nikimwongoza baba mkwe wangu kwa kamba ya ng'ombe, akainama haraka kwenye ungo wake, na hajawahi kunitajia jambo hilo mpaka leo.

Mama mkwe alitupokea mlangoni. Alichukua ncha ya kamba mkononi mwangu, akamwingiza mumewe ndani, kisha akanifuata jikoni kwangu. Aliuliza neno moja tu, kama nimeona damu. Nikasema bado. Jioni alichinja kuku, akaninyunyizia maji ya majani ambayo hakuniambia ni majani gani, na Jumapili akaniburuta kanisani nikaombewe. Nilikuwa nimekingwa pande zote mbili, na bado niliogopa.

Sikutoka nje siku tisa. Nililala chali nikisikiliza tumbo langu. Kila maumivu madogo niliyapa jina. Na siku zote tisa, mzee naye hakutoka. Sikusikia fimbo, sikusikia kikohozi. Siku ya tisa mama mkwe alikuja na uji, akakaa, akaniambia bila kunitazama kwamba mguu umeanza kukaza tena, kwamba asubuhi amemwaga kikombe, na kwamba mzee amekataa kusindikizwa na mtu mwingine. Kisha akaongeza kama mtu aliyekumbuka jambo dogo. Mzee anasema kikohozi kimoja ni cha kujificha. Viwili mfululizo ni vya kuja.

Nililia alipoondoka. Nilikuwa nimetafuta sababu ya kubaki ndani na sasa wamenipa sababu ya kutoka, na mimi sikuitaka. Mtoto alicheza tumboni alfajiri ya siku ya kumi. Nilingoja acheze tena. Alipocheza mara ya pili nikachukua kikapu.

Kwenye njia tope lilikuwa limelainishwa na mvua za siku zote zile, halina alama ya mtu. Mbele yangu, wa kwanza kabisa, kulikuwa na unyayo wa kushoto, na pembeni yake mfereji.

Ilibidi tuanze upya. Vidole vilirudi baada ya wiki tatu, kisigino baada ya mwezi na nusu, na nilikuwa nyuma yake nimevimba kama gunia, nikiogopa kila jiwe. Binti yangu alizaliwa wakati wa kiangazi, ametimia miezi yake yote. Sikuamini mpaka alipolia, na alipolia niliogopa kwamba analia sana. Baada ya siku arobaini nilimfunga mgongoni, tukawa watatu kwenye njia ya darajani. Yeye hakuwa na mwiko wowote. Alimtazama babu yake atakavyo.

Vikohozi viwili nilivisikia mara nne kwa miaka yote ile. Mara moja ni nyoka. Mara mbili ni kuteleza. Mara moja nilikimbia kinyumenyume roho mkononi, kumbe kuna mtu ameangusha mkungu wa ndizi njiani na mzee anataka niuokote kabla hajatokea mtu mwingine mwenye macho. Mume wangu alirudi kutoka mpakani biashara ilipomwangusha, akasema sasa yeye atamsindikiza baba. Alimsindikiza siku mbili. Mzee akamwambia anatembea kwa kelele.

Alikufa kitandani, asubuhi, kamba ikiwa tayari juu ya kiti. Hakuanguka njiani kama nilivyoogopa kila siku kwa karibu miaka saba. Kabla ya mazishi wanawake walikaa ndani na mwili, na mimi nilibaki nje jikoni na sufuria, nikijua mahali pangu. Mama mkwe akatuma niitwe. Alisema aliyefuata nyuma namna ile hawezi kuzuiwa mlangoni leo.

Niliingia. Nikainua macho, nikamtazama baba mkwe wangu usoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa mzee mwenye paji pana na kovu dogo kwenye nyusi, ndevu nyeupe, mdomo umepinda kidogo upande wa kulia. Sikumjua. Wanawake walikuwa wananisubiri nilie, na machozi hayakuja, na nikaingiwa na hofu mbaya kuliko zote, kwamba nitatoka mle ndani bila kumlilia na watasema sikumpenda.

Nikamwomba mama mkwe anifunulie miguu.

Alinitazama, kisha akaenda upande wa chini akakunja shuka mwenyewe. Visigino vilikuwa viwili, vimepasuka, vina tope la jana kwenye nyufa, na vyote vimelika sawasawa. Nikaanguka hapo miguuni nikapiga yowe mpaka walio nje wakanyamaza.